Mwenye mtaji hushtaki, mfanyakazi huombewa

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, waliotengeneza viberiti walikuwa wakioza taya wangali hai. Fosforasi nyeupe iliyopakwa kwenye vichwa vya njiti ilitoa mvuke, mvuke ukapenya kwenye meno mabovu hadi mfupani, na mfupa ukaanza kufa. Wengi wao walikuwa wanawake na wasichana. Kemia ya kuwaokoa ilikuwapo tayari, kwani mchanganyiko wa fosforasi na salfa uliwaka vizuri bila kuwaletea ugonjwa huo. Kilichokosekana ni serikali ya kutangulia. Kila moja ilihofu kwamba ikipiga marufuku sumu ile peke yake, viwanda vyake vitamezwa na viberiti vya bei rahisi kutoka kwa jirani.

Tarehe 26 Septemba 1906, mjini Bern, Uswisi, nchi saba za Ulaya ziliamua kwenda pamoja. Zilikubaliana kukataza utengenezaji wa viberiti vya fosforasi nyeupe, na pia kuviingiza na kuviuza. Nguvu ya mkataba ule ilikuwa hapo: aliyebaki nje alikosa soko. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1908. Marekani, mwaka 1912, iliviwekea kodi kubwa hadi havikumlipa tena yeyote kuvitengeneza.

Nauleta mkataba huu mbele kwa sababu mjadala wa leo huendeshwa kana kwamba biashara ni jambo moja na hali ya mzalishaji ni jambo jingine, na kwamba kuyaunganisha ni uzushi wa wanaharakati. Si kweli. Yaliunganishwa hata kabla Shirika la Kazi Duniani, ILO, halijaundwa mwaka 1919. Yalitenganishwa baadaye, na sheria zilizoandikwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tangu hapo tunahangaika kuyarudisha pamoja kwa njia ambayo naamini ina kasoro mbili kubwa: anayeumia hana haki ya kushtaki, na adhabu inapotolewa huangukia pasipo na mkosaji.

Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara, GATT, ulisainiwa na nchi 23 mwaka 1947. Msingi wake ni usawa: nafuu unayompa mmoja wape wote, na bidhaa ya kigeni ikishavuka forodha isibaguliwe mbele ya ile ya nyumbani. Lakini usawa huo ni wa bidhaa zinazofanana, na swali lote liko katika kufanana kwa lipi. Kwa miongo mingi jibu lilikuwa umbo la bidhaa, matumizi yake na jinsi mnunuzi anavyoiona sokoni. Chukua mashati mawili ya pamba. Moja limeshonwa na mtu mzima mwenye mkataba wa kazi, chama cha wafanyakazi na mlango wa dharura ulio wazi. Jingine limeshonwa na mtoto aliyefungiwa ndani. Kwa tafsiri hiyo, afisa wa forodha ana mashati mawili yanayofanana, na akilitoza moja zaidi ya jingine kwa sababu ya namna lilivyoshonwa, nchi yake ndiyo inayoshtakiwa.

Ipo nafuu katika kifungu cha 20 cha GATT. Nchi inaweza kuweka kanuni hizo kando ili kulinda maadili ya umma, maisha na afya ya watu, wanyama na mimea, au maliasili zinazoweza kwisha, ilimradi hilo lisiwe ubaguzi usio na sababu au kizuizi cha biashara kilichovishwa nguo nyingine. Kuhusu kazi, kifungu kizima kinataja jambo moja tu: bidhaa zilizotengenezwa na wafungwa. Haki ya kuunda chama haimo, na ajira ya watoto haimo.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mkataba wa Havana wa mwaka 1948, ambao ungeunda shirika kamili la biashara, ulitamka katika kifungu chake cha 7 kwamba hali mbaya za kazi, hasa katika uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje, huleta matatizo katika biashara ya kimataifa. Marekani haikuuridhia, shirika halikuzaliwa, na GATT, iliyokusudiwa kushika nafasi kwa muda tu, ikadumu karibu nusu karne.

Kwa mazingira, ukuta ulianza kupasuka baharini. Katika Pasifiki ya mashariki, jodari wa mapezi ya njano huogelea chini ya makundi ya pomboo, na wavuvi huwazungushia pomboo nyavu ili wampate jodari aliye chini yao. Marekani ilizuia jodari wa Mexico kwa sababu ya pomboo waliouawa. Mwaka 1991 jopo la GATT liliipa Mexico haki: jodari ni jodari, namna alivyovuliwa haimbadilishi, na nchi haiwezi kutumia soko lake kulinda wanyama walio nje ya mamlaka yake. Uamuzi huo haukupitishwa rasmi, lakini uliwaamsha watetezi wa mazingira dunia nzima.

Kisha ikaja kesi ya kamba na kasa, ambayo kwangu ina mengi ya kufundisha kuliko zote. Nyavu zinazokokotwa kuvua kamba hunasa kasa, nao hufa kwa kukosa hewa. Kipo kifaa cha kufungwa ndani ya wavu kinachompa kasa pa kutokea huku kamba wakibaki. Marekani iliwalazimisha wavuvi wake kukitumia, kisha ikakataa kamba kutoka nchi zisizo na sharti hilo. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zikaishtaki katika Shirika la Biashara Duniani, WTO, lililoanza kazi mwaka 1995. Oktoba 1998 Chombo cha Rufaa cha shirika hilo kilisema kwamba kasa ni maliasili inayoweza kwisha, na kwamba nchi inayonunua inaweza, kimsingi, kuangalia namna bidhaa ilivyopatikana. Mawazo ya kesi ya jodari yakaanguka hapo.

Hata hivyo Marekani ilishindwa, kwa namna ilivyotekeleza. Nchi za Karibi na Atlantiki ya magharibi zilipewa miaka mitatu ya kujiandaa, zikasaidiwa kitaalamu na kuitwa mezani. Za Asia zilipewa miezi minne. Tena kamba waliovuliwa kwa wavu wenye kifaa kilekile walikataliwa ikiwa serikali ya walikotoka haikuwa imethibitishwa na Marekani. Mvuvi amenunua kifaa, amekifunga, kasa amesalimika, na bado mzigo wake unarudishwa kwa sababu ya wizara asiyoiongoza. Majaji walisema kwamba hatua ya namna hiyo ni vigumu kuipatanisha na lengo lililotangazwa la kumlinda kasa. Marekani ikarekebisha utaratibu na kujadiliana kwa dhati, na Malaysia ilipoipinga tena, mwaka 2001 ilishindwa.

Hukumu ile ndiyo dira ninayoitumia kupima kila hatua iliyofuata: je, inamfikia aliyetenda, au inampiga aliye karibu naye?

Kesi ya asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayoharibu mapafu, ilikuwa nyepesi zaidi kueleweka. Ufaransa ilipiga marufuku asbesto kuanzia Januari 1997, Kanada ikashtaki, na mwaka 2001 Ufaransa ikashinda. Lakini tazama nani aliyelindwa: fundi na mkazi wa nchi inayonunua, kwa sababu hatari ilikuwa ndani ya bidhaa yenyewe. Mapafu ya mchimbaji wa asbesto kwenye nchi inayouza hayakuwa sehemu ya kesi.

Kazi haikupata hata ufa wa kasa. Desemba 1996, mawaziri wa biashara walikutana Singapore wakatangaza kwamba wanaheshimu viwango vya msingi vya kazi, kwamba mahali pa kuvishughulikia ni ILO, na kwamba faida ya ushindani ya nchi zenye mishahara ya chini isitiliwe shaka hata kidogo. Mwaka 1999 jambo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyouvuruga mkutano wa Seattle, kisha likaachwa. ILO, wakati huo, haina ushuru wa kupandisha wala soko la kufunga. Hupokea malalamiko, huandika taarifa, hushauri, huaibisha. Kazi yake naiheshimu sana, ila kumwelekeza mfanyakazi huko huku masharti yenye meno yakibaki WTO ni kumpeleka penye huruma na kumwondoa penye nguvu.

Wanaosema kwamba WTO ni ya bidhaa tu na haki za watu hazina nafasi humo wana swali la kujibu. Mwaka 1995 ilianza pamoja na mkataba wa TRIPS, unaolinda hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), alama za biashara na hakimiliki. Hakuna shehena iliyo na hataza ndani ya kontena. Hataza ni haki ya mtu, inayolindwa na sheria za ndani ya nchi, kama ilivyo haki ya kuunda chama. Lakini nchi isiyoilinda inaweza kushtakiwa, na ikikaidi, aliyeshinda huweza kuruhusiwa kulipiza hata kwa kupandisha ushuru kwenye bidhaa zake nyingine. Kwa hiyo sheria za biashara tayari zinaingia ndani ya nchi na kuweka viwango. Viwango vilivyoingia ni vya mwenye mali.

Walioshindwa Singapore waligeukia mikataba ya nchi mbili au ya kikanda, na leo mingi ina sura ya kazi na sura ya mazingira. Sura hizo husomeka vizuri. Guatemala ndiyo iliyoonyesha zina uzito gani. Aprili 2008 vyama vya wafanyakazi vya Guatemala na shirikisho la vyama vya Marekani vilipeleka malalamiko Washington chini ya mkataba wa biashara wa Marekani, Amerika ya Kati na Jamhuri ya Dominika. Walieleza wanachama kufukuzwa kazi na amri za mahakama za kuwarudisha kupuuzwa. Vyama vyenyewe havikuwa na haki ya kushtaki, viliweza tu kuiomba Marekani ishtaki. Hukumu ilitoka Juni 2017, miaka tisa baadaye.

Jopo lilikubali kwamba Guatemala ilishindwa kutekeleza amri za mahakama zake yenyewe kuhusu wafanyakazi 74 katika sehemu nane za kazi. Kisha likaitupa kesi, kwa sababu mkataba ulidai kushindwa huko kuwe kwa mfululizo na kwa namna iliyoathiri biashara, na Marekani haikuthibitisha hilo. Mtu amefukuzwa kwa kuunda chama, hakimu wa nchi yake ameamuru arudishwe, mwajiri amegoma, serikali imenyamaza, na anachotakiwa kuthibitisha ni kwamba maumivu yake yalibadilisha ushindani sokoni. Hukumu hii inanikera kila ninapoirudia, na sioni kosa la majaji, kwani walisoma maneno waliyopewa. Walioyaandika walijua wanachokifanya.

Linganisha na mwekezaji. Chini ya NAFTA, mkataba wa biashara huria wa Marekani, Kanada na Mexico, kampuni ya Marekani iitwayo Metalclad ilitaka kuendesha dampo la taka za sumu huko Guadalcázar, Mexico. Manispaa ikainyima kibali. Kampuni haikuhitaji kuiomba serikali yake ishtaki: iliishtaki Mexico yenyewe mbele ya wasuluhishi, na mwaka 2000 ikatuzwa zaidi ya dola milioni 16. Wasuluhishi hawakudai Metalclad ithibitishe kwamba kunyimwa kibali kuliathiri biashara kati ya mataifa. Hasara yake ilitosha. Na madai ya aina hii huwa na kivuli kirefu, maana halmashauri nyingine, kabla ya kukataa dampo, itawaza kwanza kuhusu mawakili.

Si kila mkataba una shimo la Guatemala. Januari 2021 jopo la wataalamu chini ya mkataba wa Umoja wa Ulaya na Korea Kusini lilikataa hoja kwamba lazima athari ya biashara ionyeshwe, likasema ahadi ya uhuru wa vyama inasimama kwa miguu yake. Mkataba ule hauna adhabu yoyote, lakini mwaka huohuo Korea iliridhia mikataba mitatu ya ILO iliyokuwa imeikwepa kwa muda mrefu. Aibu mbele ya mshirika mkubwa wa biashara ilifanya kazi. Nalikubali hilo, ingawa sitaki haki ya mtu itegemee kama serikali yake inaona haya.

Kasoro ya pili ilijionyesha baada ya jengo la Rana Plaza kuporomoka nchini Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134, wengi wao mafundi wa nguo. Marekani iliiondolea Bangladesh upendeleo wa ushuru miezi miwili baadaye. Lakini upendeleo huo, kwa sehemu kubwa, haukuhusu nguo. Waliobeba adhabu ni wazalishaji wa bidhaa nyingine, ambao hawakuwa na ghorofa yoyote pale, na viwanda vya nguo vikaendelea kuuza Marekani kama jana yake. Ni mvuvi wa kamba yuleyule, mara hii na maiti zaidi ya elfu.

Kilichofika penyewe kilitoka nje ya sheria za biashara. Mei 2013 makampuni ya nguo na mashirikisho ya kimataifa ya vyama vya wafanyakazi walisaini makubaliano ya usalama wa majengo yenye nguvu ya kisheria, na hatimaye wanunuzi zaidi ya 200 wakaingia. Mnunuzi aliyekiuka aliweza kupelekwa kwa wasuluhishi na vyama vyenyewe, bila serikali kuombwa ruhusa. Na walipelekwa: mashauri mawili yalisikilizwa chini ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, na moja liliisha Januari 2018 kwa mnunuzi kukubali kulipa zaidi ya dola milioni mbili, nyingi zikienda kurekebisha viwanda. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba haiwezekani mfanyakazi kuwa mdai.

Mfano ulio karibu zaidi na ninachotaka umo katika mkataba wa Marekani, Mexico na Kanada ulioanza Julai 2020. Una utaratibu wa haraka unaolenga kiwanda kimoja. Kiwanda kikinyima watu uhuru wa chama, ni mizigo ya kiwanda hicho inayozuiwa nafuu ya ushuru au hata kuingia sokoni, na nchi nzima haiguswi. Mwaka 2021, katika kiwanda cha magari cha General Motors huko Silao, kura ya wafanyakazi kuhusu mkataba wao wa kazi ilivurugwa na kusimamishwa. Utaratibu ukatumika, kura ikarudiwa Agosti, wafanyakazi wakaukataa mkataba wa zamani, na Februari 2022 wakachagua chama huru. Guatemala ilichukua miaka tisa bila kitu. Silao haikumaliza mwaka.

Nchi maskini zinapohofia masharti ya kazi na mazingira kugeuzwa ukuta wa kuwakinga matajiri, hofu yao ina msingi, na walio upande wangu wa mjadala huipuuza kwa urahisi mno. Kuhusu kazi, nadhani jibu lipo. Viwango vya msingi vya ILO havipangi mshahara. Vinadai uhuru wa chama, kukomesha kazi ya kulazimishwa, ajira ya watoto na ubaguzi, na tangu mwaka 2022 mahali salama pa kazi. Nchi inaweza kubaki na mishahara midogo na kuvitimiza vyote. Ushindani inaoupoteza ni ule tu uliojengwa juu ya kumnyamazisha mtu.

Kuhusu tabianchi sina jibu jepesi hivyo. Umoja wa Ulaya umeanza rasmi Januari 2026 kutoza ada mpakani kwa hewa ya kaboni iliyotolewa katika uzalishaji wa saruji, chuma, aluminiamu, mbolea, umeme na haidrojeni. Mantiki yake ni ya Bern: asiyeichafua hewa asizidiwe na anayeichafua. Lakini nchi zilizokubaliana Bern zilikaa meza moja. Utaratibu huu wa Ulaya umeandikwa na mnunuzi peke yake, hauna msamaha kwa nchi maskini kabisa, na ada yake hukusanywa Ulaya, wakati mkataba wa tabianchi wa mwaka 1992 uliweka wajibu wa pamoja lakini unaotofautiana kwa uwezo na historia. Sheria ya Ulaya dhidi ya ukataji misitu nayo inadai kahawa, kakao na mazao mengine yafuatiliwe hadi kwenye viwianishi vya shamba, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo kwenye ramani. Imeahirishwa zaidi ya mara moja. Inamlenga mtendaji, na hilo ni jema, ila mkulima mdogo asiye na ramani ya shamba lake anaweza kuachwa na mnunuzi hata kama hajakata mti. Mwenye nguvu mpishe, wanasema, na Chombo cha Rufaa kilichoweza kuuliza kama mwenye nguvu alitoa miezi minne au miaka mitatu hakifanyi kazi tangu Desemba 2019, kwa kuwa Marekani ilizuia uteuzi wa majaji.

Ninachodai, basi, ni hiki. Neno la "kuathiri biashara" liondolewe katika kila sura ya kazi. Vyama vya wafanyakazi na jamii zilizoharibiwa mito yao zipewe haki ya kushtaki moja kwa moja, kama Metalclad ilivyokuwa nayo. Adhabu imfuate mwenye kiwanda, meli au shamba, pamoja na mnunuzi aliyebana bei hadi usalama ukakatwa. Fedha za kaboni zinazokusanywa mpakani zirudi kusafisha viwanda zilikotoka.

Na wenye mikataba waanze kwa kujipima wenyewe. Ule utaratibu wa haraka uliofanikiwa Silao una tanbihi ndogo: dhidi ya kiwanda kilichoko Marekani hauwezi kutumika mpaka kiwe tayari chini ya amri ya bodi ya kazi ya Marekani inayotekelezwa. Kwa viwanda vya Mexico hakuna sharti kama hilo. Mkataba wenyewe umepanga nchi hizo tatu zikutane kuupitia kila unapotimiza miaka sita. Tanbihi hiyo ifutwe hapo, ili mfanyakazi wa Marekani anayefukuzwa kwa kuunda chama apate haki ileile waliyoipata wenzake wa Silao.